Riali Mbili kwa Kifo

Filamu yenyewe hata Wataliano wameisahau.
Kitabu kinene kama tofali, wakakikamua
kikabaki dakika themanini na mbili:
panga nyingi, mapenzi kidogo,
na farasi wawili waliozungushwa nyuma ya ukuta
watokee tena upande wa pili, waonekane jeshi.

Ngome ni ya Nakhal. Humo ndani inaitwa Ufaransa.
Mitende ikakataa kuitwa Ufaransa,
basi wakaifunika mashuka ya hospitali,
wakasema kwa mbali itakuwa theluji.
Mbuzi mmoja alipita katikati ya kiapo cha mabwana.
Yumo hadi leo, anatafuna.

Baba alikuwa dereva wa lori la saruji, Mutrah,
mwaka wa tatu tangu atoke Unguja,
Kiarabu chake bado kinachechemea,
wenye maduka wakimwita Zinjibari
na kumrudishia chenji kwa vidole viwili.
Bwana Renzo alitafuta watu wa kufa.
Riali mbili kwa kifo, chakula cha mchana mbali.

Akafa mara nne.

Kwanza mlinzi wa lango, kofia ya manyoya
(manyoya ya jogoo wa Bi Zuwena; mama anamjua yule jogoo).
Kisha ana ndevu za pamba, anaporomoka ngazi,
ndevu zinatangulia kufika chini.
Kisha mtawa, ndani ya kanzu yake mwenyewe iliyogeuzwa.
Panga zilikuwa za mbao, zimepakwa rangi ya mabomba;
alirudi nyumbani na michirizi ya fedha mbavuni,
mama akaisugua kwa mafuta ya taa
akilalamika kama mke wa shujaa yeyote.

Renzo alipenda anavyoanguka.
Wenzake walikufa kwa makelele, mikono juu,
kama wanaosimamisha teksi.
Yeye magoti yalilegea kwanza,
halafu akakaa kitako, kama mtu aliyekumbuka kitu,
halafu ubavu,
halafu shavu juu ya jiwe, taratibu,
asilichubue.
"Umejifunza wapi?" aliuliza mkalimani.
Baba akasema anaomba maji.

Mama peke yake ndiye anayejua
nani alianguka vile, mbele ya duka gani,
Januari ile. Hatutajii jina.
"Jirani," anasema, na kuongeza sauti ya televisheni.

Na sauti si ya baba.
Mdomo wake unatamka neno, kinachosikika
ni ukelele wa Mtaliano mmoja mwenye mafua
aliyelipwa kupiga kelele kwa niaba ya wote.
Raya anasema pale baba alimwita mama yake.
Mimi nimeutazama ule mdomo mara nyingi,
naona "nne". Alikuwa akihesabu.
Riali nane zilikuwa kodi ya chumba.

Mwaka huu kafa ya tano, Hospitali ya Khoula,
bila kofia, bila malipo,
na hakuanguka: alikuwa amelala tayari.
Matanga yalipokwisha tukaitoa kanda sandukuni,
tukakaa Mabela, wajukuu, kahawa, halwa iliyobaki,
Ufaransa ikitetemeka kwenye kioo.

Kifo cha nne ndicho kibaya kuliko vyote.
Mabwana wanapita juu yake na mapanga yao,
wanaapa, wanakumbatiana, mashuka yanapepea,
na yeye pale chini, pembeni, kushoto,
anafungua jicho moja
kuona kama mashine bado inazunguka.
Hawakuwa na fedha ya kuipiga tena. Wakaliacha.

Jicho linazunguka. Linatupata sote sebuleni.

Mama kainama kwenye kochi, mkono kauweka shavuni.
"Fumba, Muhenna," anamnong'oneza,
"fumba, watakukata mshahara."